Nilinyanyuka Bila Kuhifadhi

Dada mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, mtoto yuko kifuani na nimebakiwa na mkono mmoja.

Mimi ni fundi wa mtandao, kazini wananiita Mama Waya kwa kuwa mwaka wa nne huu navuta nyaya kwenye dari za watu, na bosi alisema nikifaulu mtihani wa vitendo, ule wa kukaa siku nzima unaunganisha mitambo mpaka ofisi zote kwenye mchoro ziwasiliane, atanishusha kwenye ngazi anipe kiti cha injinia, akaniazima mitambo ya mtandao, ruta mbili na swichi moja kuukuu, nikazipanga chini ya kitanda cha mtoto, na feni ya ile swichi inavyovuma mtoto akaizoea, halali mpaka aisikie, hata mama mkwe huniambia, "Mwanangu, washa hilo dude lako, mjukuu wangu ana usingizi."

Huyo mama mkwe ndiye ninayeshindwa kumtazama usoni. Aliacha nyumba yake na kuku wake akaja kulea ili mimi nisome. Nasoma vipande vipande, mtoto akilala nakaa sakafuni naandika amri, akilia naruka kumbeba, sihifadhi kitu, kwani kesho si nitafuta yote nianze upya? Miezi mitano hivyo. Siku ya mtihani nilifanya kila kitu, dada, kila ofisi ikaitikia, zikabaki dakika ishirini na maziwa yamejaa mpaka blauzi imelowa mbele ya wanaume kumi na mmoja, nikamwambia msimamizi nimemaliza, nikatoka mbio. Niko kwenye ngazi ndipo nikakumbuka sikuhifadhi, na wale wa mtihani huzima mitambo na kuiwasha upya kabla ya kusahihisha. Yangu iliamka haikumbuki lolote. Nilirudi nikagonga, msimamizi akafungua mlango nusu: "Mama, ukishatoka umetoka."

Leo wiki ya sita, mume wangu akiuliza nasema matokeo bado. Mama mkwe ameshatangaza kwa majirani, juzi kaja na mmoja na simu yake isiyoshika mtandao, "Mpe injinia aitazame." Nikaitazama. Bosi amenipa nafasi ya kurudia baada ya wiki tatu, ya mwisho, lakini nikikaa mbele ya ruta vidole vinakuwa vizito, nasinzia nimekaa. Nirudie, au nirudi darini kwangu nikae kimya? Na nikienda, nitawaaga naenda wapi, wakati wanajua nilishaufanya? Nimechoka, dada.

Mama Waya

*

Mama Waya,

Pole. Pole ya blauzi, pole ya ule mlango nusu. Umefuta machozi? Haya, tusemezane.

Kazi unaijua. Usichokijua ni kuondoka. Miezi mitano uliufundisha mkono wako kuacha kila kitu wazi na kukimbia, na siku yenyewe ukakutii.

Lakini hilo la uongo limenikera. Mtu mzima kaacha kuku wake kwa ajili yako, nawe unakaa unamtazamia jirani simu! Unadhani anayekuchosha ni mtoto? Mtoto alikuwepo tangu mwanzo. Kinachokumaliza ni kuigiza kusubiri matokeo unayoyajua. Mwambie mama mkwe leo, akiwa anakunja nguo, usingoje kikao. Mumeo mwambie akiingia tu, kabla hajavua viatu. Watanuna. Waache wanune.

Mtihani unaurudia, hilo sitaki tulijadili. Mwombe mama mkwe Jumamosi mbili nzima, umwachie maziwa uliyokamua, ukafanye mazoezi ofisini asubuhi mpaka jioni, maana ukijizoeza nyumbani hujawahi kukaa zaidi ya usingizi mmoja wa mtoto. Na msimamizi mwambie mapema kwamba unanyonyesha, akutengee dakika za kukamua. Aibu waone wao. Swichi iache ivume nyumbani, mtoto hana kosa.

Na kuanzia leo, akilia ukiwa kwenye ruta, usiruke. Mimi nimelea watatu, hakuna aliyeharibika kwa sekunde tano. Mwambie, "Ngoja, mama anahifadhi." Hifadhi. Kisha umbebe.