Ufa kwenye Kioo cha Danieli

Jumapili, 14 Julai 1996

Yusta ameweka birika la maji ya moto mlangoni, akakohoa, akaondoka. Ndivyo afanyavyo kila alfajiri. Mkamwana haingii chumba cha baba mkwe. Nimenawa uso, nimerudi kitandani. Miguu imevimba tena.

Kioo cha mbele cha gari la mwanangu Danieli nilikipasua mimi. Jana asubuhi. Sijamwambia mtu.

Sakitu ilikuwa imefunika majani, paa, gari, kila kitu cheupe. Danieli bado amelala. Nikachukua birika la kunawia, nikatoka nimeshika ukuta, nikamwaga maji kwenye kioo. Nilitaka kumsaidia kijana, aamke akute barafu imeyeyuka. Kioo kililia kidogo, kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Ufa ulianzia pale kwenye alama ya jiwe, ukakimbia hadi upande wa dereva. Nikarudi ndani. Nikaweka birika tupu mlangoni. Nikajifunika blanketi.

Alama ile ya jiwe ilizibwa Alhamisi tu, Makambako.

Danieli anamshuku mkewe. Mwaka jana Yusta aliwahi kukimwagia kioo maji ya uvuguvugu. Halikutokea neno wakati ule, lakini Danieli amelikumbuka. Nimewasikia wakigombana jikoni.

Nimevuta blanketi hadi masikioni.

Jumatatu, 15 Julai

Danieli amelipeleka gari Makambako hivyo hivyo, polepole, fundi akaangalie. Yusta anachambua maharage uani. Kwa kawaida huimba nyimbo za kwaya akichambua. Leo haimbi.

Shirika alilofanyia kazi Danieli liliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa. Kiinua mgongo chote kiliingia kwenye hiyo pikapu, mtumba wa Japani. Anapakia viazi hapa Njombe, anashusha Makambako. Mwezi ujao walipanga kuhamia huko, yeye na Yusta, wapate chumba karibu na stendi. Mimi angekuja jirani kunipikia.

Bila gari hakuna viazi. Bila viazi hakuna Makambako.

Zamani kioo ungekiombea kibali ukakisubiri mpaka ukisahau. Siku hizi madukani kuna kila kitu. Ila si kila mtu anatoka nacho.

Jumanne, 16 Julai

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio.

Alhamisi ile tulikwenda Makambako, mimi na Danieli. Niliomba mwenyewe, nilitaka kuuona mji mara moja tena. Lori lilikuwa limerusha jiwe likaacha kidonda kwenye kioo, kidogo kama punje ya dengu. Danieli aliniacha na gari kwa Shabani, fundi wa vioo, Mrangi mwenye kibanda nyuma ya stendi, akaenda kumtafuta mnunuzi wake. Mimi nilibaki nimekaa garini. Shabani akakisafisha kidonda kwa ncha ya sindano, akavuta hewa kwa bomba, akadondosha gundi, akafunika kwa kipande cha nailoni, akaacha jua lifanye kazi. Mwisho akakwangua kwa wembe. Muda wote anaongea.

"Mwalimu, huyu sasa ni mgonjwa aliyeshonwa. Asiogeshwe maji ya moto, hasa huko kwenu kwenye baridi. Mwambie kijana."

Nikamjibu kwamba nimefundisha fizikia maisha yangu yote, habari za joto na vioo nazijua.

"Basi shikamoo mara mbili," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kijana sikumwambia.

Sasa jana Shabani kaona ufa, kasema ufa mrefu hivyo hauzibiki, trafiki watalizuia gari, kitafutwe kioo kipya. Kisha kamuuliza Danieli, kwani mzee hakukupa ujumbe?

Leo Danieli akaja kusimama mlangoni kwangu. Kofia mkononi.

"Baba, Shabani anasema alikuagiza."

Yusta alikuwa nyuma yake na beseni. Nikasema, "Nilimwambia Yusta."

Neno lilinitoka lenyewe. Hapana. Nililitoa mimi.

Yusta akainamisha macho. Kwetu mkamwana habishani na baba mkwe. Hilo nalo nililijua wakati nikisema.

Alhamisi, 18 Julai

Yusta ameondoka jana. Amekwenda Yakobi, kijijini kwao.

Danieli hakumpiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Umeambiwa na Baba, ukafanya kusudi. Hutaki kuhama. Basi kakae kwenu."

Kusudi. Neno hilo limelala na mimi.

Kabla ya kuondoka Yusta alipiga goti nje ya mlango wangu. Alikuwa na kifurushi na sufuria aliyokuja nayo siku ya ndoa. "Baba, dawa zako za jioni ziko dirishani. Zile nyeupe ni baada ya kula." Nikamwambia asante, mwanangu. Mwoga mimi.

Leo birika halikuja. Nimenawa maji ya ndoo. Vidole vimekufa ganzi mpaka jua lilipotoka.

Ijumaa, 19 Julai

Mchungaji amekuja na Chakula cha Bwana. Nimekikataa kikombe. Nimesingizia kichefuchefu. Ameitazama miguu yangu, akasema atarudi mapema, asingoje wiki ijayo. Ninaelewa maana yake. Hospitali nao waliponiruhusu walisema nikapumzike nyumbani, na hawakunipa tarehe ya kurudi.

Danieli hali chakula. Mchana kutwa amekaa ndani ya gari lililosimama, mikono kwenye usukani. Kutoka dirishani namwona nyuma ya kioo. Ufa unapita shingoni mwake.

Najichukia.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemwambia.

Nilimwita, nikasema kabla hajakaa, maana angekaa ningeshindwa. Maji niliyamwaga mimi. Yusta sikumwambia lolote.

"Wewe, Baba?"

"Mimi."

"Ukaniacha nimfukuze mke wangu?"

Akageukia ukuta.

"Angekuwa mtu mwingine ningemtukana," akasema, akatoka. Alipofika uani akageuka, akarudi hadi kizingitini. Uso umebadilika. Umelegea.

"Ulitaka kunisaidia? Kuyeyusha barafu?"

Nikasema ndiyo.

Akafuta macho kwa mkono wa sweta. Amekwenda Yakobi kwa miguu.

Jumatatu, 22 Julai

Birika limekuja. Nimelisikia likigusa sakafu.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene, mwanangu."

Alirudi jana na mumewe. Leo hakuondoka mara moja. Akasema akiwa nje, mlango umerudishwa: "Baba, asubuhi ile birika lilirudi tupu na taulo lako hapo mlangoni lilikuwa kavu. Nilijua."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesemaje, Baba?"

Nyayo zake zikaenda jikoni. Baadaye kidogo akaanza kuimba, kwa sauti ndogo.

Danieli naye aliingia jana, akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajafanya tangu utoto. Pesa ya kioo hataweza kuipata mwaka huu. Makambako wameiacha. Atalima viazi hapa, wengine wabebe. Alisema kwa upole, kama anayenibembeleza. "Hatukuachi, Baba." Akanifunika miguu.

Ameshanisamehe. Amesamehe kosa la mzee aliyetaka kusaidia. Mzee huyo hayupo.

Sakitu leo pia. Gari wamelifunika kwa magunia. Kifua kizito, ila bado naandika. Mchungaji anakuja mchana. Nimemtuma Yusta amwite Danieli kwanza, na yeye mwenyewe asiondoke mlangoni, asikie. Namsikia Danieli anaosha mikono kwenye ndoo. Anakuja.

Nitakalomwambia ni hili. Asubuhi ile nilisimama mbele ya gari, birika mkononi, na maneno ya Shabani niliyakumbuka yote. Sikutaka mniache nife mikononi mwa jirani. Nilijua kioo kitapasuka. Ndiyo maana nilimwaga.