Mama Mkwe Kabaki Sokcho, Meli Imeondoka

Shangazi Noh mpendwa, nisaidie kabla meli yetu haijafika Busan, maana kesho jioni mume wangu Sang-uk atakuwa bandarini kutupokea mimi na mama yake, na mama yake sinaye.

Safari hii ilikuwa zawadi kwa mama mkwe ya kutimiza miaka sabini, mimi nikapewa kazi ya kumsindikiza, na tangu bandari ya kwanza, Jeju, alikataa basi la watalii, akasema, "Mimi si mbuzi wa kuchungwa kwa kibendera," basi tukashuka wenyewe, Jeju tukapotea sokoni, Yeosu akaniingiza kwenye basi la mjini lililotupeleka kusikojulikana, yeye anacheka, mimi natazama saa, hadi jana Sokcho tukapanda kile kivuko cha kuvutwa kwa mkono kwenda mtaa wa Abai, akamnyang'anya mvutaji ndoano ya kuvutia kebo akavuta mwenyewe, na tulipofika ng'ambo akamsikia muuza ngisi mmoja, Mama Ham Geum-ok, akimgombeza mteja kwa lafudhi ya Hamgyong, mkoa wa kule kaskazini, na Shangazi, mama mkwe akasimama kama aliyeitwa jina, kwa sababu marehemu mama yake, aliyekimbia vita kutoka huko kaskazini, ndivyo alivyokuwa akisema, na tangu amzike hakuwahi kuisikia tena.

Akaingia jikoni kwa yule mama, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kujaza wali kwenye ngisi. Nikamwambia, "Mama, meli inaondoka."

"Iache iondoke. Mimi nitarudi kwa basi nikitaka."

"Sasa Sang-uk nitamwambia nini?"

"Mwambie nimelala. Na ukinivuta mkono, Mama Da-on, nitaketi hapa chini kama mtoto, tuone watu watamcheka nani."

Nikarudi melini peke yangu, nikawaarifu wahudumu kwamba amebaki kwa hiari yake, nikalala fofofo, na tangu hapo Sang-uk akipiga simu namwambia mama amelala, mama anaoga, mama amelala tena. Dada zake watasema nimemtelekeza mama yao. Nifanye nini?

Mkwe mwenye masanduku mawili

SHANGAZI NOH ANAJIBU

Mwenye masanduku, tulia. Hukumtelekeza mtu. Wewe ndiye uliyetelekezwa, tena kwa ajili ya ngisi.

Nimeona pia ulivyopenyeza katikati ya kilio chako kwamba ulilala fofofo. Sikulaumu, kumkimbiza bibi huyo vichochoroni si mchezo. Kinachoniudhi ni huo uongo wako wa kuoga na kulala. Mama wa watu analala hivyo tangu jana? Mumeo akiomba kuongea na daktari wa meli, utamweka nani kwenye simu?

Kwa kuwa ulitaja jina la muuza ngisi, tulitafuta namba ya duka lake tukapiga. Mama mkwe wako akapokea mwenyewe, utadhani duka ni lake. Nikamuuliza atarudi lini kwake. Akasema, "Mwanangu anaongea kama mtangazaji wa redio, lafudhi ya bibi yake hana. Niacheni kidogo nisikie watu wanavyoongea." Mimi ni mtangazaji wa redio, mwenzangu.

Nilipotaka kukata akashusha sauti, akauliza kama umekula na kama bahari haikukusumbua. Kisha akasema, "Binti zangu wangeniburuta. Huyu aliniacha." Alikuwa anakusifu, kama hukuelewa.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujagusa chakula, mpigie mumeo umweleze yote kama yalivyokuwa, umpe na namba ya duka. Atafoka. Mwache afoke hadi achoke, usimjibu. Kesho asigeuze gari bandarini kwenda kumkamata mama yake kama mwizi wa kuku. Ngojeni wikiendi, mwende wote na mtoto wenu Da-on, mmpelekee nguo zake. Dada zake wakikupigia, waambie wampigie mama yao, nami nawatakia kila la heri.

Mkifika Abai, asitokee mtu wa kumuuliza anarudi lini. Sang-uk aketi jikoni, apewe ngisi wake ajaze kama wengine, na mikono ikishachafuka amuulize mama yake jinsi bibi alivyotoroka kule kaskazini. Nina hakika hajawahi kumuuliza.