Mama Alivyojitanda Mbele ya Televisheni

Mke wangu Salma,

Salamu zako zimefika hapa mjini kwetu Ibra. Mimi mzima, meno tu ndiyo yamenikimbia. Anayeandika ni mamako, maana mimi na kalamu hatujuani.

Umeniuliza ufanye nini. Bosi wako wa gazeti huko Amerika hatosheki na wewe kuandika kama tamthilia nzuri au mbaya, anataka uandike na talaka ya mwigizaji wake. Ukikataa, kazi huna.

Ibra nzima, wa mwanzo kununua televisheni ni mimi babu yako. Atakayekwambia mwengine, mwongo. Siku ile mtaa ulijaa ukumbini kwangu. Akatokea msoma habari, akatoa salamu. Marehemu mama yangu akamuitikia, kisha akajitanda ushungi uso mzima. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikamwambia, "Mama, huyo hakuoni."

"Hanioni, lakini mimi namuona. Kaingia nyumbani, mgeni huyo."

Usidhani alimwonea haya. Alimkosoa mle mle ndani ya ushungi: "Anasoma kama anafukuzwa, na kilemba kimemkaa upande." Lakini jirani yetu mmoja alipoanza kusimulia eti huyo bwana kagombana na mkewe, mama akamkata: "Hayo hakutuletea."

Basi mke wangu, huyo mwigizaji wako akiigiza ovyo mseme, tena mseme sana, ulimi huo umeurithi kwangu. Talaka yake hakukuletea.

Na kazi ikikutoka, njoo. Sijapata kushindwa kulisha mtu.

Babu yako