Vijumba Visivyo na Komeo

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, goti limepunguza maumivu na macho bado yanakuruhusu kuusoma mwandiko wangu, ambao kila mwaka unazidi kuwa mikwaruzo ya kuku. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa umri wangu: nakula, nalala kidogo, nasoma sana. Nimechelewa kukujibu, na si kwa uvivu. Sababu nitakueleza mahali pake pakifika.

Uliniuliza kama bado nashughulika na ndege. Bado. Bustani iliyo nyuma ya jengo letu sasa ina vijumba sita, vyote nimevigongelea misumari mwenyewe kwa mbao za makreti. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, nesi mstaafu mwenye ulimi mkali, ameniita Waziri wa Makazi, na jina limeshika. Hata mlinzi wa getini hunisalimu kwa kuuliza wizara imeamkaje. Nesi husema nimewajengea ndege nyumba nzuri kuliko chumba ninacholala mwenyewe. Hakosei.

Kazi yenyewe si ya kubahatisha. Tundu liwe pana kiasi cha kumpitisha mwenyeji na jembamba kiasi cha kumzuia mvamizi. Kijiti cha kutulia mbele ya mlango hakitakiwi, maana anayekifurahia ni paka. Kijumba kiinamishwe mbele kidogo ili mvua isiingie, na kisitazame jua la mchana. Makinda wakishaondoka nakishusha, natupa kiota cha zamani pamoja na wadudu wake, nakimwagia maji ya moto, nakianika. Kifuniko nakifunga kwa uzi tu. Nesi aliniuliza kwa nini siweki komeo kama watu wenye akili. Nikamjibu kwamba komeo hushika kutu. Akasema mwenye kutu ni mimi.

Mwaka huu nilikosea. Kijumba cha sita nilikitundika kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kikitazama magharibi, kwa sababu tu hapo ningekiona nikiwa kitandani. Nesi alinionya kwamba ukuta ule ukifika saa nane unaunguza kiganja. Nikamwambia waziri hafundishwi kazi. Shomoro wakaingia, wakataga, wakaangua. Kisha likaja juma la joto kali, nami kifua kikanilaza siku nne. Kila siku nilikiangalia kijumba kupitia dirishani, nikimwona mama mtu akiingia na kutoka, nikadhani mambo ni shwari. Siku ya tano nikapanda ngazi. Makinda wote wanne walikuwa wamekufa, wamepandana chini ya tundu, midomo wazi. Mama yao alikuwa juu ya bomba, bado ana mdudu mdomoni.

Nesi alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Hakunitania. Alisema tutakitundika kwingine, basi. Sikuweza kumweleza kwamba sikuwa nawalilia shomoro.

Katika barua yako uliandika kwamba umewasimulia tena wajukuu habari za njiwa wa baba, walivyoruka juu yetu asubuhi ile tulipoukimbia mji, ukaniuliza kama nadhani kizazi chao bado kinakaa kwenye paa letu. Swali hilo nimekaa nalo miezi mitatu.

Unakumbuka tulikuwa tumefika kwenye kona ya kiwanda cha sabuni, baba akakumbuka kwamba banda la njiwa bado lina komeo kwa ajili ya paka, akaniambia nirudi nikafungue, nikimbie. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwenye mbio kuliko ninyi wote. Nilirudi mpaka getini. Nilisikia magari ya askari yakiingia mtaa wa pili, na niliwasikia njiwa wakipigapiga mbawa, maana saa yao ya kufunguliwa ilikuwa imepita. Kutoka getini mpaka bandani ni hatua ishirini, unazijua. Sikuzipiga. Nikageuka, nikamwambia baba nimefungua. Akaniwekea mkono begani. Baadaye kidogo wewe ukaona njiwa angani, ukasema wale pale, wetu. Nikakwambia ndiyo, ni wao. Walikuwa njiwa wa watu.

Baba alikufa akiamini. Karibu na mwisho aliniambia kwamba angalau wale tuliwaachia. Nilimwinulia kikombe cha maji anywe.

Wajukuu waambie utakavyoona mwenyewe; sina haki ya kukuchagulia. Ila umewatazama wale ndege miaka arobaini na sita kwa neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo.

Msalimie shemeji, na watoto wote kwa umri wao. Nesi naye anakusalimu, ingawa hakujui. Kijumba cha sita nimekihamishia upande wa kivuli. Hakuna aliyeingia bado. Uzi wake nimeufunga fundo moja tu, linalofunguka hata kwa mkono unaotetemeka.

Ni mimi, kaka yako.