Maelezo Yangu Kinywani mwa Bwana Tai

Shosti, acha kila kitu usome. Nimejifungia chooni kazini nacheka peke yangu kama kichaa.

Unamkumbuka Bwana Tai, yule wa meza ya jirani? Wiki iliyopita aliingia kwenye mfumo wa wateja, akafuta jina langu kwa yule mzee muuza mabati, akaweka lake. Mteja niliyembembeleza miaka mitatu!

Leo kampigia, spika wazi, bosi kasimama pale pale. Anasoma maelezo yangu ya zamani kwenye skrini neno kwa neno: "Mzee wangu, mama nyumbani hajambo? Maua yake yanaendeleaje?"

Eti mama hajambo! Mama kamkimbia mzee, shosti! Kabeba mpaka mapazia!

Mzee akafoka: "Unanicheka? Nipe yule binti niliyemzoea, la sivyo nahama!"

Bosi kanigeukia: "Ulijua?"

"Tangu Jumatatu. Alinipigia mwenyewe."

"Mbona hukuandika kwenye mfumo?"

Nikajibu kwa upole, macho kwa Bwana Tai: "Mfumo haunifungulii, bosi. Skrini inasema mteja si wangu."

Ningeweza kumwambia Tai kwa mdomo. Meza zetu zimegusana.

Badala yake nilikunywa chai yangu nikasubiri apige simu.