Injini Yang'aa, Gari Haliwaki

Mshauri wangu, shikamoo. Nisaidie kabla sijafanya jambo la aibu. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu stuli yangu ya jikoni imechukuliwa na mume wangu apangie spana zake, na leo ni Jumapili, na boneti ya gari iko wazi tangu tulipotoka kanisani, na mimi nimechoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Bukoba, tunakaa hapa Nyegezi, na niko likizo ya uzazi nikimsubiri mtoto wangu wa kwanza ambaye anaweza kufika wakati wowote. Mume wangu nimwite Mhoja, ni bwana shamba wa pamba, mtu wa Magu, watu wa ng'ombe, mpole, halewi, hanipigi, na mama yangu akisikia namlalamikia atasema nimeshiba. Lakini ana Pijo kuukuu, na tangu magari ya watu binafsi yazuiwe kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta, wanaume wengine hapa mtaani wanalala, wengine wanacheza bao, wa kwangu anaosha injini. Si gari, mshauri, nimesema injini.

Tunarudi kanisani, injini bado ya moto, hata shati la ibada hajavua, anafungua boneti anaimwagia ndoo nzima ya maji ya ziwa, inalia chwaa, mvuke unapanda mpaka kwenye kamba ya nguo, halafu anatia petroli kwenye kopo, anachovya brashi, anasugua, na hapo hapo pembeni jiko langu la mkaa linachemsha maharage, nikisema ananiambia nihamishe jiko, nikihamisha jiko naye anahamia upande huo huo kwa sababu ndiko kivuli kilikokwenda. Halafu inakuja sabuni. Unajua sabuni ilivyo adimu tangu vita viishe, mche mmoja niliupangia foleni kwenye duka la ushirika na tumbo hili, nikauweka kwa ajili ya nepi za mtoto, nikaukuta nusu yake imekwisha, na nusu iliyobaki ni nyeusi kwa oili. Na mwisho kabisa, ili ing'ae, anaipaka samli. Samli, mshauri! Kwao vibuyu vya maziwa hupakwa samli vikapendeza, na mama yake kila akija kututembelea anatuletea chupa, basi yeye akaona kinachofaa kibuyu kinafaa na injini. Ikipata moto, mtaa mzima unanukia mapishi, majirani wanauliza tuna wageni gani.

Nimesema ikipata moto, lakini kwanza iwake. Jumatatu haiwaki. Majirani wanaitwa kusukuma, wanasukuma mpaka barabara kubwa, na Mhoja anaapa kwamba petroli ya siku hizi imechanganywa maji.

Nikaenda kumshitaki kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shimba, nikamwambia mume wangu anachezea petroli na sabuni wakati wananchi hawana. Mzee akaja na sigara yake mdomoni, akakohoa, akakaribishwa achungulie ndani ya boneti. "Ebwana, bwana Mhoja," akasema, "hapa mtu anaweza kula ugali juu yake!" Jumapili iliyofuata akaja na pikipiki yake. Sasa wanaosha wawili. Na mume wangu anasema nimemdhalilisha kwa balozi, kwa hiyo nyumbani ananijibu ndiyo na hapana tu.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonikosesha usingizi ni mambo ya jirani yetu Wilhelmina, Mama Josephat. Uchungu ulimshika Jumatatu asubuhi, mumewe akaja mbio, Mhoja akasema ingieni twende hospitali, nami nikaingia nyuma kumshika mgongo, gari likasukumwa likawaka, tukafika karibu na Mkuyuni likazima. Mhoja akafungua boneti akaanza kufuta kidude kimoja na kingine kwa pindo la shati, huku mwenzangu anauma khanga asipige kelele, mpaka wanawake waliokuwa wanaelekea sokoni wakatua vikapu, wakazungusha khanga zao kati ya mawe mawili makubwa, na mtoto akazaliwa hapo kwenye majani. Mungu mkubwa, mama na mtoto wazima. Tuliporudi nyumbani unajua mume wangu alisema nini? "Afadhali injini ilikuwa safi, la sivyo ningechafua shati."

Mama yangu anataka nipande meli nikajifungulie Bukoba. Mhoja hataki, anasema watu watasema ameshindwa kumtunza mkewe. Nimeshafunga nguo kwenye mfuko nimeuficha chini ya kitanda, nikiondoka bila ruhusa najua nyumba itayumba, nikibaki nayaona mawe yale ya Mkuyuni kila nikifumba macho. Nifanyeje? Nimekuandikia wewe kwa sababu safu yako ya gazetini mume wangu anaisoma kila wiki, tena kwa sauti.

Mwalimu, Nyegezi

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, marahaba, na pole sana. Sasa shuka kwenye hiyo ndoo, kaa mahali utakapoegemeza mgongo, unisikilize. Nilikuwa mkunga, na Landrova ya kliniki ya vijijini nilikuwa naiendesha mwenyewe kwenye matope ya Misungwi, kwa hiyo uchungu naujua na injini naijua. Nina maneno yako na nina maneno ya mumeo.

Nianze na wewe. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia huyo mwanamume wazi wazi: "Mume wangu, naogopa kuzalia barabarani." Sikupaona. Umemwambia habari za jiko. Umemwambia, naamini kwa ukali, habari za sabuni. Ukatoka ukaenda kumshitaki kwa balozi, tena kwa kosa la petroli ya wananchi, kana kwamba petroli ndiyo inayokuliza. Yeye anadhani mnagombana juu ya usafi! Wewe mwalimu, unafundisha watoto wa watu kusema sentensi kamili, ya kwako umeimeza. Iseme leo. Mnyang'anye brashi, mshike mkono uuweke juu ya tumbo, umwambie. Na hilo jiko, mama, ukiona kopo la petroli limefunguliwa usihamishe jiko hatua mbili ukaendelea kupika. Zima moto, na maharage yalale mabichi. Mngeungua wote watatu, na mmoja hajazaliwa hata aone ziwa.

Sasa wewe, bwana Mhoja. Najua unasoma. Soma kwa sauti kama kawaida yako, mkeo asikie.

Petroli haina maji. Maji umeyatia wewe kwa ndoo. Kile kidude chenye kofia nyeusi kinachogawa nyaya za plagi kinaitwa distribyuta, na kikiingiwa na unyevu gari haliwaki, na likiwaka kwa kusukumwa litazima njiani. Wewe unakiogesha kila Jumapili halafu Jumatatu unailaumu serikali. Chuma cha moto nacho ukikimwagia maji baridi kinaweza kupasuka, na siku kikipasuka hutapata kingine Mwanza wala Dar es Salaam. Na samli! Kibuyu hakitembei kwenye vumbi la Magu wala hakichemki. Samli inanasa kila vumbi linalopita, ndiyo sababu kila Jumapili unaikuta injini chafu kuliko ulivyoiacha, unaosha tena, unapaka tena. Uchafu unaupika mwenyewe, bwana. Tena yale mafuta yakikaa juu ya bomba la moshi lililoiva, siku moja hutasikia harufu ya mapishi, utaona ndimi za moto. Rudisha samli jikoni, mama yako hakuileta kwa ajili ya Pijo.

Ukitaka kusafisha injini, isafishe kama mtu mwenye akili. Iache ipoe mpaka uweze kulaza kiganja juu yake bila kukiondoa. Chomoa waya mmoja wa betri, ule wa hasi. Chukua mifuko ya nailoni, funika distribyuta, dainamo inayochaji betri na mdomo wa kabureta unaovuta hewa, funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Vumbi litoe kwa brashi kavu. Penye oili iliyoganda tumia kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo tu, petroli kamwe, na pasiwe na moto wala sigara ya Mzee Shimba karibu. Kisha futa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Nimesema kufuta. Ndoo iache iende kuteka maji ya kunywa. Kausha kila kona, fungua nailoni, vua ile kofia nyeusi uifute ndani kwa kitambaa kikavu, uirudishe ilivyokuwa, na hakikisha hujasahau tambara karibu na feni. Acha boneti wazi ipigwe na upepo, rudisha waya wa betri, halafu washa. Kuwasha uani hakujakatazwa na mtu, kilichokatazwa ni kutembea. Lisipowaka Jumapili utajua Jumapili, si Jumatatu jirani akiwa na uchungu mlangoni. Na kazi hii si ya kila wiki. Injini ikifutwa mara moja moja kwa mwaka inatosha kabisa.

Ila kwa sasa usiiguse. Mpaka mtoto azaliwe, boneti ifunguliwe kwa kupima oili na maji, basi. Kila jioni washa gari, lisikilize, lizime. Hiyo ndiyo kazi yako mpya. Na ile nusu ya mche wa sabuni iliyobaki, ikwangue hadi iwe nyeupe umrudishie mkeo, kisha foleni ijayo upange wewe.

Mwalimu, meli usipande. Mimba iliyofikia hapo haitaki usiku kucha wa mawimbi, na mkunga wa kukusaidia katikati ya ziwa hayupo. Tafuta ndugu au mwalimu mwenzako anayekaa Nyamagana, karibu na hospitali, uhamie kwake wiki hii hii. Utoe mfuko chini ya kitanda uuweke sebuleni mchana kweupe, na mumeo ndiye akubebee. Bwana Mhoja, ukimpeleka mwenyewe mjini, hakuna atakayesema umeshindwa kumtunza. Mama mkwe wako wa Bukoba naye mtumie nauli aje. Atafurahi, na hatakuwa na muda wa kuchungulia boneti.

Nimalizie na wewe baba mtarajiwa, maana mkeo nimeshaongea naye. Siku ile Mkuyuni ulikuwa umempa mgongo Wilhelmina. Ulitazama chuma, wanawake wapita njia wakamtazama mtu. Sisemi una roho mbaya, nasema uliogopa ukajificha ndani ya boneti, na wanaume wengi nimewaona wakijificha hivyo, wengine kwenye redio, wengine kwenye siasa. Safari hii ni mkeo na ni mtoto wako. Uchungu ukimshika kabla hajahamia mjini, usiangalie injini ina vumbi au haina. Mwingize garini, washa, nenda.