Vizibo Saba vya Mwalimu Kasongo

Mwaka umetimia, Kasongo, tangu tukuzike Ujiji ukiwa umetengwa na kanisa. Walisema unatunga nyimbo kwa ramli. Haikuwa ramli. Vilikuwa vizibo saba vya soda ndani ya kopo la maziwa.

Tulipovuka ziwa mwaka 1996 kukimbia vita, ulikuja na shati moja na kazi yako ya kufundisha kwaya. Nyimbo hazikuja. Kila uliouanza uligeuka kuwa ule wa zamani. "Mbuzi nikimwachia, anarudi zizi lilelile," ulimwambia mkeo Rahabu. Siku hiyo ukakwangua vizibo kwa msumari: do, re, mi, mpaka ti.

Aliyeingia nyumbani, awe mgeni wa heshima au muuza dagaa, ulimtikisia kopo, akatumbukiza mkono bila kuchungulia, akatoa vitatu, kimoja kimoja. Hizo ndizo zilikuwa noti za kuanzia, na hukukubali zibadilishwe hata zikiwa mbaya. Zilizofuata ulizitafuta mwenyewe. Hapo ndipo tulipokuona ukikuna kichwa, ukiimbia puani, ukifuta, ukianza upya, na ugali unapoa.

Ulikuwa mpole, ila si kwa aliyeimba ovyo. "Marcelina, hiyo ni sauti au mlango wa jikoni?" Mazoezi yakiisha, Marcelina huyohuyo ulimfungia samaki, mgebuka mzima, wa kupeleka kwake.

Gervasi, mzee wa kanisa, naye alitoa vizibo. Alikuja kukujulia hali ulipokuwa na homa.

"Shikamoo, Mzee. Ingiza mkono."

"Marahaba. Kuna nini humo, nyoka?"

"Muziki."

Akatoa la, re, na la nyingine, kwa sababu kizibo cha kwanza ulikirudisha koponi halafu kikatoka tena. Akacheka. "Hapo utatunga nini, Mwalimu? Hata chura hakubali."

Ukatunga wimbo wa kuwapokea waliovuka. Kwaya iliuimba ufukweni boti zikishusha watu, na watu waliokuwa wamekaa kimya juu ya mizigo yao wakaanza kuitikia. Mzee Gervasi alikuwepo. Alilia kama wengine.

Baadaye mtu akauliza kanisani wimbo ule ulitoka wapi. Ulieleza yote, na kopo ukalionyesha, maana hukuona la kuficha. Huku kwetu, anayetikisa vitu na kuvitoa bila kuangalia ni mpiga ramli. Ulilijua hilo, na tulikuonya. Mzee Gervasi alikaa kwenye benchi lake. Hakusema kwamba mkono uliotoa noti zile ulikuwa wake. Wakakutenga.

"Tubu, vizibo vitupe ziwani, urudi," wazee wa kanisa wakakuambia.

"Ramli inadai kuijua kesho," ukajibu. "Hivi havijui hata leo. Mimi vinanitoa tu kwenye njia niliyoizoea. Nitubu nini?"

Neno moja lingekurudisha. Hukulisema, hata homa ilipokulaza mara ya mwisho na Rahabu akakusihi.

"Sema tu, baba Shukrani. Mungu anajua moyo."

"Nikisema ni ramli, wale wa ufukweni waliitikia nini?"

Akakubadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso.

Wimbo bado unaimbwa. Jina lako hawalitaji. Kopo liko juu ya kabati, na vizibo vyote saba vimo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Rahabu, binti yako Shukrani, dada yako Elida na mdogo wako Feliksi. Tukiwa hai, husahauliki.

Ulicholipa ni hiki. Ulikosa Meza ya Bwana Pasaka mbili. Ulikosa mchungaji kaburini. Kwaya uliyoifundisha haikuja. Tulikuimbia sisi wanne, wimbo wako mwenyewe, bila besi. Besi ulikuwa wewe.